Jiwe la Kijani Kwenye Mulongo

Dirisha la kuuzia unga lilikuwa na upana wa sentimita themanini na kimo cha sentimita sitini. Donat Kabange alilipima mara mbili, kwa kuwa utepe wake ulikuwa umekatika sentimita tisa za mwanzo na kila kipimo kilibidi kitolewe tisa. Kisha akaandika nambari hizo nyuma ya fomu ya zamani. Karatasi mpya hazikuwapo ofisini tangu mwaka uliopita.

"Unapima kama fundi wa milango," alisema Paluku, mwenye depo. "Miye nilifikiri inspecteur wa kazi anauliza maneno tu."

"Maneno nitauliza pia, patron."

Ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na tatu Mei 1997. Mwezi mmoja kabla, asubuhi ya Jumanne, watu waliokuwa wakingoja unga wa bukari, yaani ugali, walirusha mawe kupitia dirisha hilo, na muuzaji aliyeketi ndani, Albertine Ngoie, akapigwa kichwani. Depo ilifungwa siku hiyo hiyo. Sasa malori mawili yalikuwa yamefika kutoka mpakani Kasumbalesa, na mlangoni palikuwa na tangazo la kalamu nyekundu: Jumatatu tunafungua.

Kwa hiyo Donat alikuwa na siku tatu. Sheria ya kazi ilimpa mkaguzi uwezo wa kukataza mtu asiketi mahali pa hatari mpaka hatari iondolewe. Ilikuwa bado sheria, kadiri alivyojua. Wanajeshi wapya walikuwa wameingia Lubumbashi mwezi wa nne, na Jumamosi iliyopita redio ilitangaza kwamba nchi imebadilishwa jina. Kuhusu sheria ya kazi redio haikusema kitu.

Paluku alikuwa mtu wa Butembo, wa miaka hamsini hivi, mpole, aliyevaa koti la sufu kwa ajili ya baridi ya Mei. Alikuwa ameuza unga mjini hapa kwa miaka mitatu. Alimletea Donat kigoda na kujibu kila swali bila haraka. Alipoulizwa kwa nini hakuitangaza ajali kwa ofisi ya ukaguzi, alisema haikuwa ajali ya kazi. Alitoa sababu mbili. Kwanza, asubuhi ile Vital, mdogo wa marehemu mume wa Albertine, alikuja kumpigia kelele kwa ajili ya nyumba aliyoiacha marehemu, na baadaye watu walimwona Vital dirishani, mkono umejaa damu. Hayo yalikuwa mambo ya nyumbani. Pili, Albertine mwenyewe aliwachokoza watu kwa kufagia mawe yao.

Habari ya mawe Donat hakuhitaji kuelezwa. Mjini Lubumbashi, mulongo, yaani mstari wa kungojea kitu, hupangwa kwa mawe. Ilianza zamani kwenye kantini za kampuni, wakati baba yuko zamu na mama ana watoto: jiwe lilibaki mahali pake, na aliyeligusa alikuwa amemgusa mtu. Mawe huwekwa jioni, yakiwa na alama za chokaa au rangi, na asubuhi kila mmoja husimama nyuma ya lake.

"Kwetu Butembo muntu anasimama na miguu yake," alisema Paluku. "Hapa nakuta majiwe mia moja na bantu kumi. Kuko benye banaweka majiwe kumi kumi, halafu banauzisha nafasi. Ile ni mulongo? Lakini miye sikumutuma mutu afagie. Albertine alijiamulia."

"Alifagia mara ngapi?"

"Ile siku moja tu. Andika: siku moja."

Donat aliandika, akamsomea, na Paluku akatia sahihi.

Kisha mkaguzi alirudi dirishani. Kioo kilikuwa kimezibwa kwa katoni. Kwenye pembe nne za fremu kulikuwa na matundu manne ya skurubu, na kati yake mbao ilikuwa na rangi iliyokoza kuliko kwingine, kama ukuta ulioondolewa picha. Kwenye ukingo wa chini, upande wa nje, palikuwa na madoa manne ya kahawia yaliyokaa sambamba. Nyuma ya kiti cha muuzaji kulikuwa na mlango mmoja wa kuingia ghalani, na komeo lake lilikuwa upande wa ghala. Yote haya aliyaandika kwa kufuata alivyoyaona.

Paluku alisema matundu aliyakuta alipopanga nyumba. Komeo lilikuwa la kulinda magunia. Muuzaji alifungiwa asubuhi na kufunguliwa mauzo yakiisha. Donat aliomba kuona ua wa nyuma. Paluku akafungua kofuli kwa ufunguo uliofungwa kwenye mkanda wake. Ulikuwa mmoja tu, alisema, hata mke wake hakuwa na wa pili.

Uani, dirisha la ghala lilikuwa na wavu wa chuma. Wavu ulikuwa mkubwa kuliko dirisha, ukakunjwa pembeni ili uingie. Donat alitoa utepe. Ukinyooshwa, ulikuwa na upana wa sentimita themanini na kimo cha sitini.

"Panya," alisema Paluku. "Na bezi. Unga ukiibiwa, bantu bote batakula nini?"

Donat aliandika: wavu, ghalani, 80 kwa 60. Alipoinua macho aliona mawe.

Yalirundikwa kwenye pembe ya ukuta, kimo cha kiuno. Mengi yalikuwa na alama: msalaba, herufi mbili, jicho, nambari. Mawe ya juu yalikuwa makavu, na vumbi lake lilikuwa la majuzi. Ya chini yalikuwa na tope la ua ule lililorukia na kukaukia ubavuni. Mvua ya mwisho ya msimu ule ilinyesha Jumapili tarehe kumi na tatu Aprili. Donat aliikumbuka kwa sababu ilipitia tundu la paa ofisini na kulowesha faili za herufi M mpaka P. Albertine alipigwa tarehe ishirini na mbili. Mawe yaliyonyeshewa hapa uani tarehe kumi na tatu hayangeweza kuwa yamefagiwa tarehe ishirini na mbili.

Akachuchumaa. Aliondoa matatu, manne, ili aone ya chini kabisa. Hapo palikuwa na jiwe la kijani, kijani cha ajabu kinachoelekea samawati. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko mengine. Rangi ile haikuuzwa dukani. Aliichanganya yeye mwenyewe kutoka makopo mawili, miaka miwili nyuma, alipopaka mlango wa nyumba yake.

Aliandika: jiwe moja la kijani, chini kabisa.

"Nani aliyaleta huku nyuma, patron?"

"Albertine."

"Kwa ufunguo gani?"

Paluku alifunga kifungo cha juu cha koti lake. Alisema labda siku ile alimfungulia. Donat akauliza kama mwanamke mmoja, kwa asubuhi moja, aliweza kubeba mawe yote yale. Paluku akasema alikuwa na toroli. Jibu hilo nalo liliandikwa, lakini hilo hakutaka kulitia sahihi.

*

Albertine aliishi katika mtaa wa mjini uitwao Kenya, katika vyumba viwili ambavyo marehemu mumewe alivijenga. Majirani waliopita kuchota maji waliwakuta yeye na Donat wameketi juani, mgongo ukutani. Kila mmoja alisalimu kwa sauti ya juu, kwa kuwa sikio la kulia la Albertine lilikuwa limekufa. Donat alihamisha kigoda chake upande wa kushoto. Mdogo wake Albertine, Léa, msichana wa miaka ishirini, alikuwa akifua. Karibu na mlango mwanamume mmoja alikaza mnyororo wa baiskeli kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kitambaa.

Kwa zaidi ya saa moja Albertine alieleza taratibu, na Donat hakumkatiza. Kufagia kulianza mwezi wa tatu. Kila siku saa kumi na moja na nusu asubuhi Paluku alifungua ua, akampa fagio na toroli, na yeye akaondoa mawe kabla wenyewe hawajafika. Wavu ulikuwa dirishani mpaka Januari. Beseni za wateja hazikupita vizuri, ukaondolewa ukapelekwa ghalani. Baada ya mawe kuanza kufagiwa, watu walianza na matusi. Kisha mtu akamtemea mate. Wiki ya pili ya Aprili mwanamume mmoja alipitisha mkono dirishani akamkamata kola. Siku hiyo Albertine alimwendea mwajiri wake.

"Nilimuambia: patron, rudisha grillage, ile wavu. Akasema: mama, bantu ba hapa habapige mwanamuke. Akaniambia njo sababu alinikalisha pale. Mwanaume bangemupiga zamani."

"Alisema hivyo, kwamba mwanamume wangempiga?"

"Mara mbili."

Donat alipigia mstari. Mwajiri alijua kuwa mahali pale mtu hupigwa. Alichokosea ni kudhani kwamba mwanamke hapigwi.

Mtu wa baiskeli akasema, bila kuulizwa, kwamba yeye ndiye Vital na kwamba amesikia anavyosemwa. "Miye nimupige shemeji? Ulimi yake peke yake inatosha kunipiga miye."

"Ulimpigia kelele asubuhi ile?"

"Nilipiga. Makaratasi ya nyumba, nilikuwa nataka niyaone. Bado nataka." Akamtazama Albertine. "Lakini ile ni ingine."

Albertine alisema kwamba hata akifa makaratasi atazikwa nayo. Alisema bila uchungu, kama mtu anayejibu salamu.

Donat aliomba kuona mkono. Vital alifungua kitambaa. Vidole vinne vilikuwa na kovu moja lililovikata sambamba upande wa ndani, kwenye kiungo cha kati. Kiganja kilikuwa kizima. Donat akamwomba aonyeshe jinsi alivyoshika. Vital akaenda kwenye dirisha la chumba, akashika ukingo wa chini kwa nje, vidole ndani, akaegemea nyuma kama anayevuta.

"Mulango ya nyuma ilikuwa imefungwa. Shemeji alikuwa anaipiga, hakuna mwenye anafungua. Nikavunja kioo yenye ilibakia, nikajishika hapa, na ule mukono mwingine nikamuvuta."

Madoa manne, ukingo wa chini, upande wa nje. Mtupa jiwe hakatwi hivyo. Donat alifunga ukurasa wa Vital.

Swali la mwisho alilielekeza kwa Albertine: Jumatatu ataketi nani?

Léa aliacha kufua. Albertine alimtazama mdogo wake, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Mutoto. Patron alikubali. Nafasi ya kazi ni ya familia, papa inspecteur, unajua. Baba yetu alimuachia kaka nafasi ku chemin de fer, ku reli. Léa asipoikaa, ataikaa mugeni, na shiye tumetoka mu kazi."

"Na mawe?"

"Atafagia. Njo masharti."

"Miye niko na mbio," alisema Léa, akimtazama dada yake. "Yaya hakukuwa na mbio."

Vital alicheka kidogo, peke yake, akaacha.

Donat alieleza kwamba ushahidi unatosha. Angeandika hati ya kukataza: dirisha lisifunguliwe mpaka wavu urudi, komeo lihamie upande wa muuzaji, na mawe yaachwe mahali pake. Hati hiyo humpa mwajiri amri, si ushauri. Albertine alimgeuzia sikio la kushoto mpaka alipomaliza.

"Ile hati itasimama mbele ya dirisha?" aliuliza.

Donat alisema atampelekea mwajiri kwa mkono wake.

*

Alifika nyumbani jua likiwa bado halijazama. Mlango wake ulikuwa wa kijani kinachoelekea samawati. Mkewe, Olive, alikuwa akiwasha mbabula uani, na makaa yalitoa moshi kwa sababu hayakuwa yameungua vizuri tanurini. Donat hakuvua koti. Alikaa kwenye kizingiti, akatoa fomu, akageuza upande usioandikwa.

"Olive. Mu mulongo ya unga, kwa Paluku. Uliweka jiwe?"

"Nani hakuweka? Ulifikiri bukari inatoka wapi?"

"Lilipotea siku gani?"

Hakuhitaji kufikiri. Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi. Alikuwa ameliweka Ijumaa jioni, la sita kutoka dirishani, na asubuhi hakukuwa na jiwe wala alama yake, ila mistari ya fagio kwenye vumbi. Siku ile walikula mihogo. Donat alihesabu kwa vidole: Jumamosi ya kabla ya Matawi ilikuwa tarehe ishirini na mbili Machi. Mwezi mzima, siku kwa siku, kabla ya Albertine kupigwa. Paluku alikuwa ametia sahihi kwamba kufagia kulikuwa kwa siku moja. Sasa kulikuwa na jiwe lenye tarehe.

Aliandika. Kisha kalamu ikabaki juu ya karatasi, kwa sababu utaratibu ulikuwa na swali la pili, na shahidi yeyote mwingine angeulizwa.

"Ile Jumanne ulikuwepo?"

Olive alipepea makaa kwa kifuniko cha sufuria.

"Nilikuwepo. Nilipiga kelele kama bengine. Ule mama tulimuona na fagio yake kila siku, papa Kabange. Hatukumuona Paluku na fagio."

"Ulishika jiwe?"

"Niliokota."

"Ulirusha?"

Makaa yalishika. Olive aliweka sufuria ya maji juu yake, akaisogeza ikae sawa, akaisogeza tena.

"Andika niliokota," alisema.

Donat aliandika: niliokota. Alimsomea maelezo yote tangu mwanzo, kama sheria inavyotaka, na kumwuliza kama ana la kuongeza. Hakuwa nalo. Olive alifuta masizi kwenye vidole vyake kwa pindo la kitenge, akatia sahihi chini ya jina lake, karibu na kijisanduku cha zamani kilichoandikwa Shahidi.

*

Hati aliimaliza Jumamosi saa nne asubuhi. Ilikuwa na kurasa tatu, na mpangilio wake ulikuwa ule aliojifundisha mwenyewe kutoka faili za Wabelgiji zilizosahauliwa kabatini: aliyoyaona, aliyopima, aliyoambiwa, kinachofuata. Alimtaja mwenye jiwe la kijani kwa jina na kueleza kwamba ni mke wa mkaguzi. Angeweza kuandika tu "jiwe la mteja." Lakini tarehe isiyo na mwenyewe si ushahidi.

Mkuu wake wa kazi aliisoma yote, na kuisifu. Kisha akavuta droo, akatoa muhuri na kuugeuza ili Donat asome herufi za mpira: Jamhuri ya Zaire, Mkoa wa Shaba. Nchi hiyo haikuwapo tangu wiki moja, na mkoa ulikuwa umerudia jina la Katanga. Mkuu alisema amri isiyo na muhuri ni barua tu, na amri yenye muhuri huu ni barua kutoka kwa marehemu. Mihuri mipya ingekuja kutoka Kinshasa. Lini, hakuna aliyejua. Ndege zilizotua uwanjani Luano zilileta wanajeshi. Donat akauliza kama anaweza kupeleka hati kwa prokureta, mwendesha mashtaka. Mkuu akamjibu kwamba prokureta ameondoka na familia yake tangu Aprili, na kwamba kwenye ofisi yake sasa wanalala askari. Hakusema kwa dharau. Alimrudishia hati kwa mikono miwili.

Paluku naye aliisoma yote. Aliisoma amesimama, chini ya tangazo lake, na kwenye ukurasa wa pili aliomba ruhusa akalete miwani. Alipofika mwisho alikunja karatasi kwenye mikunjo yake ileile.

"Haukuandika uongo," alisema.

"Basi fanya yaliyoandikwa. Wavu ni nusu saa. Komeo ni skurubu nne. Sheria inasema mwajiri aangalie kazi kama baba mwema wa familia."

"Baba mwema anafungua mulango, bantu bakule. Wavu nikiutoa ku ghala, usiku moja tu, unga imekwenda, na pale batapiga miye na weye." Alivua miwani. "Inspecteur, sikatae sheria. Ungekuwa na kashe, ile muhuri, ningefunga. Uniambie tu ni sheria ya nani."

Donat alisema ni ileile ya jana.

"Ya jana." Paluku alifikiri juu yake kwa uaminifu. "Na tena kuko hii. Jiwe yako ilikuwa mu mulongo yangu. Bibi yako aliokota. Uko mukaguzi ao uko client?"

Donat alisema tu kwamba Léa ana miaka ishirini, na kwamba wa kwanza alipoteza sikio. Akamwomba jambo moja kati ya matatu, lolote. Paluku alisema ataangalia. Alisema pia, alipokuwa akimsindikiza mpaka barabarani, kwamba mawe lazima yaondolewe, kwa sababu akiyaacha mara moja yatakuwa mia mbili kesho, na wenye kununua nafasi watakula huku wajane wakitazama. Na hilo nalo lilikuwa kweli kwa sehemu. Donat aliliandika alipofika kwenye kona.

*

Jumatatu saa kumi na moja na nusu palikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Donat alikuwa wa kwanza kati ya watu, lakini si wa kwanza kwenye mulongo. Mawe yalikuwa tayari, sitini na mawili, kutoka chini ya dirisha mpaka kwenye nguzo ya umeme isiyo na waya. Aliyahesabu akitembea. La sita lilikuwa la kijani, na rangi yake ilikuwa bado inanata. Olive alikuwa amepaka jingine.

Watu walianza kuja. Walikuja mapema kuliko zamani, walikuwa wamejifunza. Saa kumi na mbili kasoro robo walikuwa arobaini hivi, wanawake wengi, kila mmoja nyuma ya jiwe lake, beseni zimebanwa kwapani. Nyuma ya la kijani hapakuwa na mtu. Vital alikuja na baiskeli, akaegemea ukuta karibu na dirisha. Dirishani hapakuwa na wavu. Katoni ilikuwa imeondolewa, na kioo kipya kilikuwa bado na alama ya chaki ya fundi.

Lango la ua likafunguliwa. Léa alitoka na toroli na fagio. Alikuwa amevaa viatu vya raba, vya kukimbilia, na kitambaa cha dada yake kichwani. Nyuma ya kioo uso wa Paluku ulionekana, ukasogea, ukabaki.

Léa alifika kwenye jiwe la kwanza. Mwanamke mnene aliyesimama nyuma ya jiwe hilo hakusogea. Alilikanyaga kwa kisigino.

"Mutoto," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mwingine, "ile fagio tunaijua."

Léa alitazama mulongo wote. Kisha akamwona Donat.

"Papa inspecteur," akauliza, "nifagie ao niache?"

Watu wote waligeuka. Paluku naye aliinamisha kichwa ili asikie. Hati ilikuwa mfukoni mwa koti la Donat, kurasa tatu, bila muhuri. Akisema aache, Paluku angemtoa kwenye kiti saa hiyo hiyo na familia yake ingekuwa imetoka. Akisema afagie, alijua yaliyompata dada yake, yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza kwa mkono wake Donat.

Alitembea mpaka kwenye jiwe la sita. Aliinama, akaliinua. Rangi ikamshika vidoleni. Akalibeba mbele ya wote mpaka kwenye toroli, akaliweka ndani, polepole, lisigonge chuma. Kisha akasimama kando, akawatazama arobaini wale mmoja mmoja, kama anayeita majina, akingoja wa pili alete lake.

Hakuna aliyeinama. Wa saba alisogea hatua moja mbele, akajaza nafasi ya la sita.

Donat alikwenda akasimama kati ya dirisha na mulongo, mgongo wake kwenye kioo kipya. Alikuwa mwembamba; kioo kilibaki wazi pande zote mbili. Kwa vidole vya kijani alitoa kalamu, akageuza hati, na nyuma yake akaandika saa.

Kisha akasikia fagio likigusa jiwe la kwanza.